Springi za Watu Wawili

Ukimpelekea Mama Springi pikipiki yako, hakuulizi injini ina nguvu kiasi gani wala unataka kukimbilia wapi. Anakutazama kuanzia utosini mpaka visiginoni, kisha anasema, "Panda. Kaa unavyokaa siku zote. Na usivute tumbo ndani, hapa hakuna mchumba wa kumdanganya."

Unapanda. Yeye anachuchumaa nyuma yako na kijiti chake, anapima kutoka sakafuni mpaka kwenye chuma cha chini ya kiti. Anakushusha, anapima tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo wewe. Kisha anachukua spana yake yenye ndoano na kuzungusha pete inayobana springi, kidogo kidogo, mpaka mashine ishuke kiasi anachotaka yeye. Ikishuka mno, anasema, mlimani itakaa kitako na kukupindulia mgongoni. Isiposhuka kabisa, kwenye mteremko jiwe la kwanza litakurusha juu ya usukani kama gunia. Kwa sababu hiyo watu wa porini, wenye mashamba ya mbali, wapima ardhi, walinzi wa misitu, wote walimletea yeye pikipiki zao za matairi manne, wakawapita mafundi wanaume wenye vibao vikubwa barabarani. Mafundi hao walinung'unika weee, mpaka wakachoka.

Gereji ilikuwa chumba kimoja kilichoshikana na nyumba yake. Zege la sakafu alilimwaga mwenyewe na kulisawazisha kwa mpira wa maji, maana huwezi kumpima mtu juu ya sakafu yenye mteremko. Nyuma ya ukuta kulikuwa na chumba cha cherehani cha mumewe, fundi wa suti. Kwa kifupi, nyumba nzima ilikuwa ya kupima watu, huku viuno kwa futi ya kamba, huku makalio kwa springi. Jirani mmoja alikuwa akisema ukitoka pale huna siri tena duniani.

Huyo mume hakuwahi kuendesha chombo chochote maishani mwake, hata baiskeli. Alikuwa anaogopa, na hakuona haya kusema. Mkewe ndiye aliyempakia nyuma ya pikipiki yake kuukuu, miaka yote ya ndoa yao, sokoni, misibani, kwa wateja. Wanaume walimcheka, "Baba kapakiwa!" Naye aliwapungia mkono kama mgeni rasmi. Ujanani alianguka kwenye ngazi akaumia nyonga, kwa hiyo alikaa ameegemea kulia siku zote. Mama Springi alimkazia springi ya kulia ya pikipiki ile zaidi kidogo kuliko ya kushoto, wakawa wanakwenda wima.

Kifua kikamuua. Wiki ya mazishi ilipokwisha, mama akaingia gereji, akalegeza springi zote mbili za ile pikipiki ziwe za mtu mmoja. Kaburini hakulia. Pale alilia mpaka wifi yake, dada wa marehemu, akatoka jikoni kuja kumshika.

Wakabaki wawili ndani ya nyumba, yeye na binti yake wa pekee, ambaye mtaa mzima ulimwita Nesi hata kabla hajamaliza chuo. Sasa Nesi akapangiwa kazi kwenye zahanati iliyo ng'ambo ya korongo. Daraja lilishakwenda na mafuriko, gari halifiki, na watoto wa huko walikuwa hawajachanjwa. Wakuu wake wakamwambia achague pikipiki ya matairi manne iliyotumika, aitengeneze, apeleke chanjo nayo. Kushuka korongo, kupanda korongo, kila wiki, peke yake.

"Kwani hakuna mwingine wa kwenda?" mama akauliza.

"Wapo, mama. Wote wamekataa."

"Na wewe huna mdomo wa kukataa?"

"Ninao. Ndio niliokubali nao."

Mama Springi akasonya. Alikuwa hana mtoto mwingine, na wala hakuficha kwamba anaogopa. Lakini kama mtoto angekwenda, basi angekwenda juu ya mashine iliyopita mikononi mwa mama yake, hilo halikuwa na mjadala.

Wakaenda yadi. Dalali wa pale, mtu wa maneno mengi, akawavuta moja kwa moja kwenye mashine nyekundu, ndefu, ya mnyororo. "Hii mama, hii inaruka kama swala!"

"Mwanangu haendi kuruka. Anaenda kuchanja watoto. Ina gia ya kurudi nyuma?"

"Ya kurudi nyuma ya nini, mama, wakati yenyewe ni ya mbele kwa mbele?"

"Akikwama kwenye jiwe, wewe utakuja kumvuta?"

Dalali akacheka, akaona anacheka peke yake, akawapeleka kwenye ya pili. Hiyo ilikuwa nyembamba, nyepesi, mchezo wa watoto matajiri. Ya tatu ilikuwa imesukumwa nyuma kabisa, ya kijani kilichopauka, pana, na kiti kirefu. Mama akalala chini yake na kitambaa usoni, akatafuta chuma kilichochomelewa upya, hakuna. Akatikisa kila tairi kusikiliza beringi. Akachomoa kijiti cha oili, akainusa, akaisugua vidoleni kuona kama imeingia maji. Gia nzito ya mlimani ipo, ya kurudi nyuma ipo. "Hii," akasema.

"Hiyo?" dalali akashangaa. "Sawa. Ila hiyo haina mbio."

"Ndiyo maana ipo hai."

Nyumbani akaivua yote. Akaifunga matairi mapya yenye meno marefu na mpira laini, yanayoshika mwamba yakipunguzwa upepo. Akakata bamba la chuma la kukinga tumbo la injini. Akaweka winchi mbele, ya kujivutia mtu akikwama, yenye kamba ya kusuka badala ya waya, kwa sababu waya ukikatika unamkata mtu. Mpira wa kupumulia injini akaupandisha juu mpaka chini ya usukani, maji ya mto yasiingie. Sanduku la chanjo akalifunga mbele, chini kabisa. Nesi alilitaka nyuma.

"Uzito wa nyuma ndio unaopindua watu mlimani," mama akasema. "Nyuma hapakai kitu."

Mwisho akampandisha Nesi, akachuchumaa na kijiti chake, akapima. Akazungusha pete, akapima tena, mpaka springi zikashuka kama anavyotaka. Saa kumi za jioni akafunga mlango wa bati na kufuli, akaenda kuoga. Alikuwa ameridhika.

Asubuhi alipofungua, mashine ilikuwa imekaa.

Sijui nikuelezeje. Ilikuwa palepale alipoiacha, taa zimezimwa, ufunguo uko mfukoni mwake. Lakini nyuma ilikuwa imeshuka. Alisimama mlangoni akiitazama, na kwa jicho lake la miaka yote alijua kabla hajachukua kijiti kwamba kuna mtu juu yake. Na hapakuwa na mtu.

Springi mbovu, akasema kwa sauti, ili sauti iwepo mle ndani. Akaleta jeki. Jeki ilipanda kwa shida zaidi kuliko jana, mkono wa jeki ukimgomea. Akafungua springi zote mbili, akafunga nyingine mpya, akateremsha mashine. Ikabaki juu, sawasawa. Akashusha pumzi. Akaenda kunawa mikono kwenye ndoo, amezipa springi mgongo, na hapo ndipo aliposikia chuma kikilia, kwiiii, taratibu, kama mtu mzima anayejiweka kitini kwa adabu.

Hakugeuka mara moja. Mikono ilikuwa na povu. Alikaa ameiinua hewani mpaka povu likakauka.

Alipogeuka, nyuma ilikuwa imeshuka tena. Akaenda na kijiti, akapima upande wa kushoto. Akapima wa kulia. Wa kulia ulikuwa chini zaidi kidogo. Akapima tena akidhani amekosea. Akaweka kiganja juu ya kiti, pale nyuma anapokaa wa kupakiwa, sponji ilikuwa imebonyea na haikurudi. Haikuwa na joto. Haikuwa na baridi pia. Ilikuwa imebonyea tu.

Vile vipimo alivijua. Alikuwa amevibeba mgongoni mwake maisha yake yote ya ndoa.

"Ni wewe?" akanong'ona.

Springi ya kulia ikalia kidogo, kama mtu anayehamisha nyonga inayouma.

Ungekuwa wewe ungekimbia, na mimi pia ningekimbia, tusidanganyane. Mama Springi alikaa chini sakafuni akaegemea tairi, akacheka na kulia kwa pamoja. Woga ulikuwepo, nywele zilimsimama mpaka za mikononi, ila juu ya woga kulikuwa na furaha kubwa iliyomtia aibu. Mume hajaenda. Mume amemsikia mtoto akipangiwa kazi ya korongoni, mume mwoga kuliko wote duniani, na amekuja kupanda nyuma yake.

Wifi alipokuja mchana kuleta mboga, akaonyeshwa. Mwanzoni alidhani anataniwa. "Wifi, umekosa watu wa kuwachezea?" Kisha akaona sponji. Akaona upande wa kulia. Akaurudisha mguu wake nje ya kizingiti.

"Hivyo ndivyo alivyokuwa akikaa," akasema.

"Ndiyo."

"Mwambie Nesi achukue mashine nyingine."

"Kwa nini? Baba yake atamlinda."

"Alikuwa hawezi kujilinda na ngazi!" Wifi alikuwa mtu wa kucheka, lakini hapo hakucheka. "Marehemu hapakiwi, wifi. Hata awe kaka yangu. Hujui anataka nini, hujui anashukia wapi."

"Namjua kuliko wewe."

"Uliyemjua alikuwa anakula na kukohoa. Huyu humjui."

Mama Springi akakasirika, wakaachana bila kuagana. Na akiwa bado na ile hasira ndipo alipofanya jambo ambalo fundi mwingine asingelifanya, maana fundi mwingine asingekuwa na mtu wa kumfanyia. Mashine iliyoshuka vile isingepanda korongo. Kwa hiyo akachukua spana yake yenye ndoano, akazikaza springi za nyuma ziwe za watu wawili, na ya kulia akaizidishia kidogo. Mashine ikainuka, ikasimama wima, na kiti kikiwa bado kimebonyea. Akampangusia mumewe vumbi pale nyuma. Nesi hakuambiwa kitu.

Nesi akaijaribu uwanjani nyuma ya nyumba, juu ya magogo na mawe. "Mama! Inateleza kama inaelea!" Mama akaitikia kwa kichwa. Aliona jinsi nyuma inavyoshuka na kuinuka kwa utulivu, imelemewa vizuri, na mwanawe akiwa ameketi mbele kabisa, kana kwamba amemwachia mtu nafasi.

Asubuhi ya safari wakaondoka pamoja, Nesi mbele na chanjo zake, mama nyuma na pikipiki yake kuukuu, kumsindikiza mpaka ukingoni mwa korongo. Baada ya nyumba za mwisho lami ikaisha, ikawa changarawe, kisha njia ya ng'ombe. Hewa ilikuwa imetulia mno. Ndege hawakulia njia nzima, na mama aliligundua hilo walipozima injini ukingoni, ukimya ulipobaki vilevile.

Korongo lilikuwa la mwamba mwekundu, njia inateremka kwa ngazi ngazi za mawe mpaka kwenye mchanga wa chini, halafu inapanda ng'ambo, wima, mpaka kwenye miti. Nesi akapunguza upepo wa matairi kama alivyofundishwa. Akafunga kofia.

"Haya mama. Nikifika nitasimama pale juu nikupungie."

"Nenda polepole. Acha gia ishike, usiegemee breki."

Nesi akapanda, akawasha, akaanza kusogea kuelekea ukingoni. Mama akatazama nyuma ya mashine, kwa mazoea tu.

Nyuma ilikuwa juu. Springi hazikushuka hata kidogo, zilikuwa zimesimama kama nguzo, na tairi lilipokanyaga kijiwe mashine nzima ikaruka na Nesi akainuka kitini.

Akageuza kichwa kwenye pikipiki yake mwenyewe aliyoiegesha. Imesimama kwenye stendi, haina mtu. Springi zake za nyuma zilikuwa zimebonyea mpaka mwisho, upande wa kulia zaidi.

"Simama!" akapiga kelele. "Nesi, zima! Zima, nasema!"

Tairi za mbele zilikuwa zimeshaning'inia kwenye ngazi ya kwanza. Nesi akazima, akabana breki, akageuka akiwa ameshtuka. Mama alishafika, amekishika chuma cha nyuma kwa mikono yote miwili kama anayevuta ng'ombe.

"Mama, nini?"

"Rudi nyuma. Springi ni ngumu. Zitakurusha."

"Lakini jana zilikuwa..."

"Rudi nyuma, mwanangu."

Akapiga magoti kwenye changarawe na spana yake. Hakumtazama Nesi, hakuitazama pikipiki. Alizungusha pete za springi kuzilegeza, akimtukana mumewe kimoyomoyo kwa matusi yote ya ndani ya nyumba. Mtu gani huyu! Hivi ndivyo alivyokuwa, anatoka kwenda kazini anafika getini anarudi, hajui kama amsindikize mtoto shule au abaki na mke anayeumwa, anaishia kusimama katikati. Na yeye, mwanamke mzima, fundi mzima, alikuwa amemfungia mtoto wake kifo kwenye springi kwa sababu ya furaha yake mwenyewe. Wifi alikuwa amesema. Nesi alimwona mama analia akadhani analilia safari.

"Panda. Kaa unavyokaa siku zote." Akapima kwa kiganja, kijiti kilibaki nyumbani. Sawa. Za mtu mmoja. "Sasa nenda."

Nesi akateremka vizuri sana. Mashine ilikuwa inachuchumaa juu ya kila jiwe na kuinuka tena, ngazi moja baada ya nyingine, mpaka kofia yake nyeupe ikaonekana ndogo kwenye mchanga wa chini. Mama akapumua. Akarudi kwenye pikipiki yake, akaushika usukani.

Ilikuwa juu. Springi zote mbili zilikuwa juu.

Akatazama ng'ambo. Nesi alikuwa ameshaanza kupanda, amefika penye wima, na hata kutoka pale mama aliona. Nyuma ya mashine ilikuwa imelala chini, matairi yanagusa mabati ya kukinga tope, imeegemea kulia. Tairi za mbele zilikuwa zikipoteza ardhi. Ziligusa, zikaelea, zikagusa, zikaelea. Nesi alikuwa amelala juu ya usukani kwa kifua chake chote, kama alivyofundishwa, na bado pua ya mashine ilikuwa inapanda, taratibu, ikielekea mbinguni.

Amemkumbuka mtoto. Amerudi kwa mtoto.

Mama Springi akasimama ukingoni kabisa. Tangu mumewe azikwe hakuwahi kumwita kwa sauti, hata chumbani, kwa kuogopa asiitikiwe. Sasa akamwita kwa kifua chote, korongo zima likalirudia neno lake.

"Mume wangu! Shuka! Mwache mtoto aende! Shuka hapo hapo!"

Sauti ilimfikia Nesi kama upepo, hakusikia maneno, alieleza hivyo baadaye. Alichosikia ni mashine kuwa nyepesi ghafla, kama mtu aliyekuwa amemshika kiunoni amemwachia. Tairi za mbele zikatua kwenye mwamba, zikashika. Akapanda mpaka juu, akageuka penye miti, akapunga mkono mrefu, akicheka. Mama akampungia. Kisha Nesi akaingia kwenye miti na mlio wa injini ukapungua mpaka ukaisha.

Katikati ya ule mpando hapakuwa na kitu, ni jua na mawe tu. Mama alipatazama kwa muda mrefu.

Halafu akaenda kwenye pikipiki yake, akaitoa stendi, akapanda. Akasogea mbele kabisa ya kiti. Hakuwasha. Aliweka miguu yote miwili chini, akashika usukani, akasubiri springi zishuke. Kutoka kule mpaka huku ni mbali kwa mtu mwenye nyonga mbovu, akajiambia, mpe muda. Jua likahamia upande wa pili wa mgongo wake. Midomo ikamkauka.

Alirudi nyumbani polepole, akikwepa kila jiwe, kama anavyoendesha mtu aliyepakia. Pikipiki ilikuwa nyepesi njia nzima.